Uzi: WrestleMania III (1987): kengele ya Savage, mgongo wa André na ubishi wa watu 93,173

#1 KonaNyekundu

Wakuu, kila tukigusa mieleka ya miaka ya themanini humu jukwaani ubishi ni uleule. Kuna wanaosema Hulk Hogan, bingwa wa dunia, na André the Giant ndilo pambano la karne, na kuna wanaosema lile lilikuwa bovu, limebebwa na majina tu, na kwamba kazi yenyewe usiku ule ilifanywa na Savage na Steamboat. Leo tuyafungue yote mawili tuone yalivyoundwa. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kupinga ajipange: pambano la Hogan na André si bovu. Lilijengwa kuuzunguka mgongo wa mtu mgonjwa, na ukishalijua hilo kila hatua yake inaeleweka.

Msingi kwanza. WrestleMania ni onyesho kuu la kila mwaka la kampuni ya mieleka ya WWF (leo WWE). Hili la tatu lilikuwa tarehe 29 Machi 1987, Pontiac Silverdome, Michigan, jirani na Detroit. Mapambano 12. Aretha Franklin alifungua kwa wimbo, Gorilla Monsoon na Jesse Ventura walitangaza, Howard Finkel ndiye aliyekuwa anawaita wapiganaji ulingoni. Silverdome ulikuwa uwanja wa futiboli ya Kimarekani, nyumbani kwa Detroit Lions, wenye paa la kitambaa cha faibaglasi lililosimama kwa nguvu ya hewa inayopulizwa ndani. Ulingo uliwekwa katikati ya ule uwanja mzima, kwa hiyo kutoka vyumbani hadi ulingoni ni safari. Ndipo wakaja na vile vigari vyenye umbo la ulingo mdogo, vina kamba na kila kitu, mpiganaji anapanda na kupelekwa taratibu mbele ya watu.

Wengi wanaviona vigari vile kama mbwembwe. Vilikuwa na kazi mbili. Vilimwinua mpiganaji juu ya vichwa ili aliye jukwaa la mbali amwone, na vilimwokoa André kutembea.

Karibuni. Anayejua pambano la Savage kuliko mimi aanze nalo.

#2 Mzee wa Turubai

Asante mleta uzi. Naanza na kilichotangulia, kwa sababu bila hicho mwisho wa pambano hauna maana.

Novemba 1986 kwenye televisheni, Randy Savage, bingwa wa Mabara (Intercontinental, mkanda wa pili kwa ukubwa), alimbamiza Ricky Steamboat koo kwenye kizuizi cha mashabiki, kisha akapanda kamba ya juu na kumshukia na kengele ya ulingoni. Hadithi ikawa kwamba koromeo limepondeka. Steamboat akatoweka, akarudi, na Pontiac ndiyo hesabu ya kulipana. Kwa hiyo mtazamaji anaingia akiwa na vitu viwili kichwani: koo na kengele. Viwekeni hapo, tutavirudia.

Pambano lilichukua dakika 14 na sekunde 35. Ndani ya muda huo kuna hesabu za mbili zaidi ya 15, yaani refarii anafika mbili na aliyelazwa ananyanyua bega kabla ya tatu, ambayo ndiyo ushindi, na nyingi zimerundikwa nusu ya pili. Hapo ndipo tofauti yake na mapambano mengine ya wakati ule. Desturi ilikuwa wapiganaji wakubaliane mwanzo na mwisho, katikati wanaambizana ulingoni kwa kunong'ona wakisikiliza watu. Savage hakutaka hivyo. Steamboat amesimulia mara nyingi kwamba waliandika hatua zote kwenye karatasi, wakazipa namba, halafu Savage akawa anamtahini: hatua namba fulani ni ipi, na zinazofuata hadi mwisho taja.

Faida yake ni kasi. Hakuna sekunde ya kufikiri, kwa hiyo shambulio la kwanza linaingia la pili bila pengo. Hasara yake ni kwamba mmoja akisahau hatua moja, zote zinazofuata zinakwama, na watu 2 wanabaki wanaangaliana mbele ya uwanja mzima. Wasiojua wakiiga mtindo huu huanguka hapo hapo. Dawa yake ni kuweka vituo, yaani vipande ambavyo vikiharibika mnarukia kituo kinachofuata bila mtu kujua. Mshiko wa mkono, kutupwa nje ya kamba, kukaa chini kidogo: hivyo vyote vinaweza kuwa vituo.

Tazameni lile la kutupwa nje. Savage anamrusha Steamboat juu ya kamba, Steamboat anaishika kamba ya juu kwa mikono miwili akiwa ananing'inia, anavuta magoti, anajipindua na kurudi ndani kwa miguu. Linawezekana kwa sababu kamba za kampuni ile zilikuwa kamba kweli zilizozungushiwa tepu, hazikuwa waya wa chuma ndani ya mpira kama kwa wengine. Kamba inanyumbuka na kiganja kinapata pa kushika. Ukichelewa kushika, unatua kwa mbavu kwenye ukingo wa ulingo.

#3 Binti Kengele

Mzee wa Turubai, shikamoo. Hiyo "hesabu ya mbili" ndiyo inayonitatiza. Wote tunajua matokeo yamepangwa. Kwa nini watu 90,000 wanaruka bega likinyanyuka?

#4 Mzee wa Turubai

Marahaba dada. Siri iko kwa refarii zaidi ya wapiganaji. Siku ile alikuwa Dave Hebner.

Refarii lazima apige turubai kwa mwendo uleule kila mara. Akipiga moja, mbili kwa kasi moja mara kumi, sikio la mtazamaji linazoea, na lenyewe linajua tatu itaangukia wapi. Aliyelala chini hamtazami refarii. Anasikiliza kiganja kikigonga turubai karibu na kichwa chake. Akisikia pigo la pili anahesabu kidogo tu kisha anarusha bega. Akirusha mapema, hata mtoto anaona hakukuwa na hatari. Akichelewa, refarii analazimika kuuzuia mkono hewani, na hapo kila mtu ameshaona kwamba mkono umesubiri. Kosa hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu linamfichua refarii, na refarii akishafichuka hesabu zote zinazobaki hazina thamani.

Tena usitumie namna moja ya kulaza. Savage na Steamboat kila hesabu inatokana na kitu kingine: kukunjwa, kuvukwa mgongoni, teke, pigo la kutoka juu ya kamba, mara Savage anashika nguo. Mtazamaji hawezi kusema "hii najua haitoshi" kwa sababu hajaiona tangu pambano lianze.

#5 KonaNyekundu

Mzee umemaliza. Sasa zamu ya upande wangu.

André Roussimoff alitangazwa kwa futi 7 na inchi 4, pauni 520, yaani kama kilo 236. Alikuwa na akromegali, ugonjwa wa homoni ya ukuaji isiyokoma, ambao unakuza mifupa na kuharibu viungo. Mwaka 1986 alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Pale Pontiac alivaa mkanda wa kushikilia mgongo chini ya ile nguo nyeusi ya bega moja. Watu wanadhani nguo ile ilikuwa ya kumfanya aonekane adui. Ndiyo, lakini pia ilificha mkanda.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya anayepanga. Una mtu ambaye hawezi kukimbia, hawezi kuruka, kuinama ni shida, kuanguka ni hatari. Una dakika 12 za kujaza. Unafanya nini?

Kwanza unatumia kusimama. Wameanza kwa kutazamana tu, pua kwa kifua, na uwanja umelipuka bila mtu kunyoosha mkono. Pili, Hogan anajaribu kumnyanyua mwanzoni kabisa. Mgongo wa Hogan unakataa, André anamwangukia kifuani, refarii Joey Marella anahesabu na inabaki unywele kuwa tatu. Hilo tukio moja limefanya kazi tatu: limeonyesha kwamba mzigo hauinuki, limempa Hogan mgongo wa kuushika dakika zote zinazofuata, na limempa Bobby Heenan, meneja wa André, hoja ya kudai kwamba ile ilikuwa tatu.

Tatu, anayeanguka ni Hogan. Hesabuni. André anamnyanyua na kumbwaga, anamkanyaga, anamsukuma kwenye kona, anampiga kichwa, anamkamua kiuno. Vyote hivyo André anavifanya akiwa wima. Tena tazameni mkono wake mara nyingi uko wapi: kwenye kamba.

#6 Sauti ya Kisauni

Boss, hapo kwa kukamua kiuno ndipo mimi nakupinga. Ni usingizi mtupu. Wawili wamekumbatiana katikati ya ulingo, hakuna kinachoendelea, na mnatuambia ni ufundi. Ukimwonyesha kijana wa leo atabadilisha chaneli.

#7 KonaNyekundu

Kisauni, ni refu, sikatai, na ningelipunguza. Lakini angalia linafanyaje kazi. Aliyekamatwa analegea polepole, mikono inashuka, refarii anauinua mkono mara ya kwanza unaanguka, mara ya pili unaanguka, mara ya tatu unabaki juu. Katika muda huo André anapumua. Hilo ndilo la kwanza. Kwa mtu wa mgongo ule, kusimama huku ameegemewa na mwenzake mwenye nguvu ni mapumziko kuliko kukaa chini, kwa sababu akikaa chini kuinuka ndiyo kazi.

Kisa kilichoharibika kwa kweli ni pale nje ya ulingo. André anampiga kichwa, Hogan anakwepa, kichwa kinaenda kwenye nguzo. Hogan anafunua magodoro ya sakafuni, anataka kumgandamiza André kichwa kwenye zege kwa pailidraiva. Hakuna aliyeamini hata kidogo. Mtu uliyeshindwa kumwinua ndani utamgeuzaje kichwa chini nje? André anainuka kidogo tu, Hogan anapinduka nyuma yake. Waliliweka ili Hogan aonekane amekata tamaa, lakini limekaa vibaya.

#8 Sauti ya Kisauni

Angalau kwa pailidraiva tumekubaliana.

#9 Fundi Chali

Naingilia hapo kwenye kumwinua, kwa sababu watu huuliza kila siku "Hogan alimwinuaje?" na majibu huwa ni ya nguvu za misuli tu.

Namna ya kumnyanyua mtu na kumbwaga chali: mkono mmoja unapita katikati ya mapaja yake na kiganja kinashika nyuma ya nyonga, mkono wa pili unapita juu ya bega na kushika mgongoni. Unachuchumaa kwa magoti, mgongo wako umenyooka, kiuno chako chini ya kiuno chake. Mwenzako naye ana kazi. Anasukuma kwa miguu wakati uleule unaonyanyua, na anakugandamiza pajani au mgongoni kwa mkono ili uzito usining'inie. Asipofanya hivyo unainua mzigo mfu, na mzigo mfu wa kilo zaidi ya 200 hakuna binadamu anauzungusha kwa usalama.

Kushuka nako kuna kanuni. Kidevu kinagusa kifua ili kisogo kisipige turubai. Mgongo wote wa juu unafika mara moja, mikono inapiga pembeni, pumzi inatoka. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba na mbao juu ya fremu ya chuma, basi. Ukitua kwa kiuno kwanza, pigo lote linakwenda kwenye pingili za mgongo.

Sasa rudieni picha ya Pontiac. Hogan hakumpeleka André juu ya kichwa. Amemfikisha usawa wa kifua, amemgeuza, amemshusha palepale. Wanaocheka kwamba ni kidogo hawajaelewa: kila sentimita unayompandisha ni sentimita atakayoianguka, na yule mtu mgongo wake umeshapasuliwa. Kisha anaruka na kumshushia paja shingoni, refarii anahesabu tatu, kengele. Dakika 12 na sekunde 1.

Kumbuka pia kabla ya hapo kuna hatua ya katikati. André anatoa teke, Hogan anakwepa, anarudi na mkono wa kifuani, na André anadondoka kwa mara ya kwanza. Watu wameshaona kwamba anaweza kuanguka, ndipo sasa wanaamini kwamba anaweza kunyanyuliwa. Ukiruka hatua hiyo, kumnyanyua kunakuja ghafla mno.

#10 Binti Kengele

Halafu kuna hili la "André hajawahi kunyanyuliwa, hajapigwa miaka 15". Ni kweli?

#11 Fundi Chali

Ni tangazo la biashara. Hogan mwenyewe alishamnyanyua Shea Stadium, New York, Agosti 1980, wakati huo Hogan ndiye adui na André ndiye stelingi. Harley Race alishamnyanyua, Stan Hansen alimnyanyua Japani 1981, El Canek Meksiko. Na Juni 1986, miezi 9 tu kabla ya Pontiac, Antonio Inoki alimfanya asalimu amri huko Nagoya, Japani. Kampuni ilitegemea kitu kimoja: hakukuwa na intaneti, na mtu wa Michigan hakuwa na namna ya kuona mkanda wa video wa Nagoya.

Na masimulizi ya Hogan mwenyewe yachujeni. Kila alipokuwa anasimulia, uzito wa André uliongezeka. Hayo ndiyo kutia chumvi hadi chakula hakiliki. André aliishi hadi Januari 1993, akafia Paris akiwa na miaka 46.

#12 Mpiga Hesabu

Tusiache watu 93,173, idadi ambayo kampuni ilitangaza. Mwandishi Dave Meltzer ameshikilia miaka yote kwamba walikuwa karibu 78,000. Ukumbi wenyewe kwa futiboli ulichukua kama 80,000. Ukijaza uwanja wa kuchezea kwa viti vya kukunja unaongeza watu, lakini hapo hapo unapoteza nafasi za njia ya vigari, kamera na vizuizi. Wanaotetea namba kubwa hutaja misa ya Papa Yohane Paulo II, Septemba mwaka uleule, ukumbi uleule, iliyotangazwa kuwa na watu zaidi ya 93,000. Hoja nzuri, lakini misa haihitaji kuonekana pande zote kama ulingo, na namba ya misa nayo ni ya kutangazwa.

Mimi naamini 78,000. Na sioni inapunguza nini. Mapato ya mlangoni yalikuwa takriban dola milioni 1.6, na nje ya hapo kulikuwa na kumbi zilizolipiwa kuonyesha moja kwa moja kwenye skrini.

Namba ile ya 93,173 ilitajwa kama rekodi ya ndani ya ukumbi hadi mchezo wa nyota wa NBA wa 2010 Texas ulipotangaza 108,713. Silverdome wenyewe haupo. Desemba 2017 walijaribu kuulipua, baruti ikalia, jengo likabaki limesimama. Wakarudi kesho yake ndipo likaanguka.

#13 KonaNyekundu

Hahaha, hata jengo lilinyanyua bega kwenye mbili.

#14 Mzee wa Turubai

Mkuu umenivunja mbavu.

Kabla hatujafunga, kuna kitu kingine kizuri ambacho watu hawakitaji: namna tukio moja lilivyotumika kulisha jingine usiku uleule. Brutus Beefcake ameingia akiwa nusu ya Dream Team, timu ya wapiganaji wawili, wameshinda, lakini wenzake wakaondoka kwenye kigari wakamwacha ulingoni. Pambano linalofuata Roddy Piper anapigana na Adrian Adonis, anayeshindwa ananyolewa. Piper amelazwa kwa kabari ya shingo, Adonis anajua ameshinda, analegeza, anaanza kushangilia. Beefcake anatokea, anamwamsha Piper, Piper anapiga kabari yake, Adonis analala, na Beefcake ndiye anayeshika vifaa vya kunyoa. Ndani ya nusu saa wamemuaga Piper, aliyekuwa anakwenda kwenye filamu, na wamezaa kinyozi ambaye jina lile lilimlisha miaka.

Sasa ile kengele niliyowaambia muiweke. Mwisho wa pambano la Savage: refarii ameangushwa, Savage amemshukia Steamboat na kiwiko kutoka juu, pigo la kumaliza kabisa, lakini hakuna wa kuhesabu. Anakwenda kuchukua kengele. George Steele, aliyekuwa kona ya Steamboat, anamnyang'anya. Savage anamtimua kwa teke, anaichukua, anapanda kona. Steele anamsukuma kutoka juu, Savage anaanguka nayo. Anaamka amevurugika, anamnyanyua Steamboat ili ambwage, na Steamboat palepale anamkunja: mkono mmoja shingoni, mwingine mguuni, miguu imenasa, kisogo na mabega chini. Hebner amerejea, tatu. Bingwa mpya. Kengele iliyomwondoa Novemba ndiyo iliyompa mkanda.

Mkanda wenyewe hakukaa nao. Tarehe 2 Juni 1987 ulikwenda kwa Honky Tonk Man.

#15 Fundi Chali

Ngoja. Savage amepigwa akiwa anajaribu kumbwaga Steamboat chali. Hogan naye nusura apigwe akijaribu kumbwaga André chali, na akashinda kwa hilohilo. Usiku mmoja, pigo moja la kawaida kabisa ambalo kila mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza, na mikanda miwili imeamuliwa nalo.

#16 KonaNyekundu

Ongeza la King Kong Bundy, pambano la tatu. Alimbwaga Little Beaver, mbilikimo, kisha akamwangukia na kiwiko, akaondolewa kwa kuvunja kanuni. Huyo amelitumia pigo lilelile kwa mtu mwepesi kuliko wote jengo zima, na ndilo lililompotezea pambano.

#17 Sauti ya Kisauni

Sawa mkuu. Narudia kulitazama leo usiku. Lakini kwa kukamua kiuno nitasogeza mbele.